Hesabu za uhusianifu zikigoma: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa kwanza chuoni, au yeyote anayejisomea, ambaye kanuni mbili maarufu za nadharia maalumu ya uhusianifu ameshaziona: muda hurefuka, urefu hufupika. Albert Einstein alizitoa pamoja mwaka 1905 (FitzGerald na Lorentz walikuwa wameshaugusa ufupikaji kabla yake), na ukiziandika zote mbili hazijazi hata nusu ukurasa wa daftari. Taabu huanza kwenye kuzitumia. Jibu linakuja kinyume, au waangalizi wawili wanagombana kwenye karatasi moja, na mwanafunzi anaanza kuishuku nadharia au kuishuku akili yake.

Dalili nimezipanga kuanzia nyepesi. Ukiiona ya kwako nenda nayo moja kwa moja, ila ya nne naomba usiiruke. Karibu makosa yote yanayofuata yanazaliwa pale.

Dalili ya 1: Kikokotoo kinakataa, au gama inatoka namba ya ajabu

Gama ni 1/√(1 − v²/c²), ambapo v ni kasi ya kitu na c ni kasi ya nuru, mita 299,792,458 kwa sekunde. Kwa 0.6c gama ni 1.25, kwa 0.8c ni 1.667, kwa 0.995c ni 10. Haiwi chini ya 1 hata siku moja. Ikikutokea 0.8 badala ya 1.25, umeishia kwenye kipeuo cha pili na kusahau kugawa 1 kwa kipeuo hicho. Kikokotoo kikikataa kabisa, chini ya kipeuo pameingia namba hasi, na mara nyingi kosa ni la vipimo: v iko kwa kilomita kwa saa, c iko kwa kilomita kwa sekunde. Gawa v kwa c kwanza, upate namba tupu kama 0.6, ndipo uendelee.

Gama ikitoka 1 kamili na tofauti ya muda ikawa sifuri, kikokotoo kimemeza desimali. Setilaiti ya GPS huenda takriban kilomita 3.87 kwa sekunde. Kwake v²/c² ni 1.67 × 10⁻¹⁰, namba ndogo mno kwa skrini ya tarakimu kumi. Kwa kasi ndogo kama hii tumia 1 + v²/2c², na ile 1 uiache kando. Andika ziada peke yake, 8.33 × 10⁻¹¹. Izidishe kwa sekunde 86,400 za siku nzima, utapata maikrosekunde 7.2. Namba hiyo itunze, tutaihitaji kwenye dalili ya mwisho.

Dalili ya 2: Jibu limekuja kinyume, umezidisha palipotakiwa kugawa

Chanzo ni kukimbilia kanuni kabla ya kujua swali linahusu nini. Uhusianifu hauulizi "saa ya nani inatembea?" Unauliza kuhusu matukio: kitu gani kilitokea, wapi, na saa ipi ilikuwepo.

Yaandike matukio mawili. Kisha jiulize: ipo saa iliyoyahudhuria yote mawili bila kuhama katika fremu yake (fremu ni mfumo wa vipimo unaotembea pamoja na mwangalizi)? Muda wa saa hiyo nitauita muda mwenyeji, na ndio mfupi kuliko wote. Fremu nyingine yoyote inahitaji saa mbili zilizowekwa sehemu mbili, na kwake muda ni gama mara muda mwenyeji. Kwa urefu, tafuta fremu ambamo kitu kimetulia. Urefu wake tuli ndio mrefu kuliko wote, na kwa wengine wote unagawiwa gama. Kufupika huko ni kwa upande wa mwendo tu. Kimo na upana wa chombo kinachokwenda mbele havibadiliki hata kidogo.

Mfano ninaoupenda ni wa muoni, chembe inayofanana na elektroni lakini nzito kama mara 207. Miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa ya juu, muoni huzaliwa kwa wingi na kuteremka karibu kwa kasi ya nuru. Muoni aliyetulia huishi wastani wa maikrosekunde 2.2. David Frisch na James Smith, katika jaribio walilolichapisha mwaka 1963, waliwahesabu juu ya Mount Washington huko New Hampshire, kisha wakawahesabu chini Cambridge, Massachusetts, takriban mita 1,907 chini yake. Juu walipata wastani wa 563 kwa saa.

Matukio ni mawili: muoni yuko usawa wa kilele, muoni yuko usawa wa bahari. Nani alikuwepo kote? Muoni mwenyewe. Kwa hiyo muda mwenyeji ni wake. Sisi wa ardhini tunahesabu mita 1,907 kwa kasi ya 0.995c, yaani maikrosekunde 6.39, muoni anahesabu 6.39 ÷ 10, yaani 0.64. Kama saa ya muoni ingekwenda sawa na yetu, wangefika kama 30 tu kwa saa. Walifika 408. Hesabu ya gama 10 inatoa kama 420, na pengo dogo lililobaki linatokana na hewa, ambayo huwapunguzia muoni mwendo kidogo wakiwa njiani.

Dalili ya 3: Umepata gama mara mbili

Hii huja kwa mwanafunzi mwenye bidii. Anaona muda wa muoni umerefuka, anaona pia mlima umefupika, anaamua kutumia vyote ili asikose. Jibu linatoka kubwa au dogo mara 10 zaidi.

Umechanganya fremu kwenye mstari mmoja. Kwa mtu wa ardhini mlima ni mita 1,907 kamili, haujafupika kitu. Kinachoeleza kufika kwa muoni ni saa yake kuchelewa. Kwa muoni, saa yake ni ya kawaida na maisha yake ni maikrosekunde 2.2 zile zile. Kinachomwokoa ni mlima kuwa na mita 190.5 tu. Ni maelezo mawili ya jambo moja, na ukianza na moja usiazime kutoka kwa jingine.

Tiba ni kuchora safu mbili kwenye karatasi, ardhi kushoto na muoni kulia, na kutoruhusu namba ivuke mstari bila kupitia kanuni. Halafu hakiki: katika kila safu, gawa umbali kwa muda. Kushoto, mita 1,907 kwa maikrosekunde 6.39. Kulia, mita 190.5 kwa maikrosekunde 0.639. Zote zinatoa 0.995c. Safu mbili zikitoa kasi tofauti, kuna namba imevuka kinyemela.

Dalili ya 4: Kila mmoja anasema saa ya mwenzake ndiyo inayochelewa

Mwanafunzi anayelalamika hapa anafikiri sawasawa. Kama wote wawili wamepata kanuni ile ile, inakuwaje A awe nyuma ya B na B awe nyuma ya A? Kumjibu "ndivyo uhusianifu ulivyo" ni kumnyima haki yake. Tuingie kwenye namba.

Chombo kinapita Kituo A kwa 0.6c kuelekea Kituo B. Vituo vimetulia, viko mbali dakika 6 za nuru (umbali ambao nuru huukata kwa dakika 6), na saa zao zimelinganishwa vizuri. Chombo kinapopita A, saa ya A na saa ya chombo zote zinasoma 0.

Tuanze na watu wa vituo. Kwao safari ni 6 ÷ 0.6, dakika 10. Saa ya chombo ilihudhuria matukio yote mawili, kwa hiyo inasoma 10 ÷ 1.25, dakika 8. Chombo kinapopita mbele ya B, saa ya dirishani inasoma 8 na saa ya ukutani pale B inasoma 10. Mtu anaweza kuzipiga picha moja zikiwa ubavu kwa ubavu, na hakuna mwangalizi popote atakayeibishia picha hiyo.

Sasa rubani. Kwake umbali ni 6 ÷ 1.25, dakika 4.8 za nuru, na kwa 0.6c unapita kwa dakika 8. Sawa na saa yake. Lakini kwa rubani vituo ndivyo vinavyokimbia, na saa za vituo ndizo zinazochelewa: katika dakika zake 8, saa ya B imesogea 8 ÷ 1.25, dakika 6.4 tu. Picha inasema 10. Dakika 3.6 zimetoka wapi?

Hapa ndipo wengi wanapofunga daftari, na hapa ndipo pa kukaza macho. Kwa rubani, saa ya B haikuanza na 0. Saa mbili zilizolinganishwa katika fremu yao, ukizihesabu katika fremu ambamo zinakimbia, hazikubaliani: ile inayofuata nyuma katika mwendo inasoma zaidi ya ile iliyotangulia, kwa kiasi cha vL/c², L ikiwa umbali wao wa utulivuni. Hapa ni 0.6 × 6, dakika 3.6. Rubani anapopita A, na saa ya A inasoma 0, kwa hesabu yake saa ya B wakati huo huo tayari inasoma 3.6. Jumlisha 6.4, unapata 10.

Kwa hiyo mzizi wa fitina ni dhana kwamba "wakati huo huo" ni jambo la watu wote. Ili useme saa ya mbali inachelewa, lazima ujue inasoma nini sasa hivi, na "sasa hivi" ya mahali pa mbali hutegemea fremu. Kanuni ya muda na kanuni ya urefu zikitembea bila hii ya tatu, vL/c², zitakugombanisha na kila mtu. Vitabu vingi huiweka mwishoni mwa sura, kama nyongeza. Mimi ningeifundisha kwanza.

Kama bado inakukera kwamba kila mmoja anamkuta mwenzake nyuma, fikiria watu wawili wanaoachana njia panda, kila mmoja akishika barabara yake kwa hatua sawa. Kila mmoja akipima "mbele" kwa kufuata barabara yake mwenyewe, atamkuta mwenzake amebaki nyuma. Wote wanasema kweli, kwa kuwa mbele ya huyu si mbele ya yule. Jometri ya muda na mahali ina alama ya kutoa pale jometri ya ardhi ilipo na ya kujumlisha, lakini ugomvi ni wa aina hiyo hiyo.

Dalili ya 5: Ngazi inaingia ghalani, na haiingii

Ngazi ya mita 10 inakwenda kwa 0.8c kupitia ghala la mita 8 lenye milango miwili. Mtu wa ghala anaona ngazi ya mita 6, anafunga milango yote miwili kwa pamoja kwa nukta moja, kisha anaifungua. Kwa ngazi, ghala ni mita 4.8. Mita 10 zinaingiaje?

Tayari una dawa. Swali lina maneno "kwa pamoja", na maneno hayo ni ya ghala peke yake. Katika fremu ya ngazi, mlango wa kutokea unafungwa na kufunguliwa kwanza. Wa kuingilia unafungwa baadaye, baada ya gama × vL/c², kama nanosekunde 35.6. Katika muda huo ghala limesogea mita 8.53. Ziada ya ngazi juu ya ghala ni mita 5.2 tu, kwa hiyo ncha ya mbele inapita mlango ulioshafunguliwa na ncha ya nyuma inaingia kabla mlango wake haujafungwa, kwa nafasi ya kutosha. Hakuna mlango uliogongwa katika fremu yoyote.

Inafaa kukumbuka urefu ni nini hasa: ni umbali kati ya ncha mbili zikiwekewa alama kwa wakati mmoja. Wakitofautiana kuhusu "wakati mmoja", lazima watofautiane kuhusu urefu. Hakuna kitu kilichobanwa ndani ya mbao za ngazi.

Dalili ya 6: Pacha wametoka umri sawa, au wa nyumbani ametoka mdogo

Paul Langevin alilileta suala la msafiri anayerudi akiwa kijana mwaka 1911, na bado linakwamisha watu. Pacha mmoja abaki Duniani, mwingine asafiri: tuchukue nyota iliyo mbali miaka 4 ya nuru na kasi ya 0.8c. Dunia inahesabu miaka 5 kwenda na 5 kurudi. Saa ya msafiri inasoma 6 kwa jumla.

Ukimpa msafiri kalamu, anaandika hivi: kwenda miaka 3, na saa ya Dunia imesogea 1.8, kurudi miaka 3, saa ya Dunia imesogea 1.8 tena. Jumla 3.6. Wakikutana, saa ya Dunia inasoma 10. Zimepotea 6.4.

Zimepotea kwenye kugeuka. Msafiri amebadili fremu, na akibadili fremu anabadili pia "sasa hivi" ya Dunia. Kabla ya kugeuka, kwa fremu ya kwenda, saa ya Dunia sasa inasoma 1.8. Baada ya kugeuka, kwa fremu ya kurudi, inasoma 8.2. Tofauti ni 6.4, na ndiyo 2 × vL/c²: mara mbili ya 0.8 × 4. Ni kanuni ile ile ya dalili ya nne.

Wengi watakuambia chanzo ni mchapuko, yaani msukumo alioupata msafiri wakati wa kugeuza. Mchapuko unatuonyesha nani amebadili fremu, ila hauicheleweshi saa wenyewe. Badala ya kugeuka, mwache akutane pale kwenye nyota na msafiri mwingine anayekuja upande wa Dunia kwa 0.8c, ampe usomaji wa saa yake na aendelee zake. Saa itakayofika Dunia itasoma 6 vile vile, na hakuna aliyesukumwa. Ushahidi wa maabara upo: mwaka 1977 watafiti wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, walitoa vipimo vya muoni waliozungushwa kwenye pete kwa gama ya 29.3. Mchapuko wao ulikuwa mkubwa kupita kiasi, karibu 10¹⁸ mara ule wa mvutano wa Dunia, na bado waliishi takriban maikrosekunde 64.4, yaani 2.2 mara gama. Mchapuko haukuongeza chochote cha kuonekana.

Dalili ya 7: Saa inayokuja inaonekana ikiwahi

Umeiga mfano kwenye kompyuta, saa inakujia kwa 0.6c, na skrini inaonyesha ikienda mara mbili ya kasi yako badala ya kuchelewa. Programu yako huenda haina kosa. Umechanganya kuona na kupima.

Saa inatoa mmweko kila sekunde yake. Kwa fremu yako mimweko inatoka kila baada ya sekunde 1.25, huko ndiko kuchelewa. Lakini katikati ya mmweko mmoja na mwingine saa imekusogelea sekunde 0.75 za nuru, kwa hiyo mmweko wa pili una safari fupi. Machoni pako inapita nusu sekunde tu. Ikishakupita na kuondoka, utaona mmweko kila baada ya sekunde 2. Toa muda wa safari ya nuru pande zote mbili, unabaki na 1.25 ile ile.

Kwa sababu hiyo hiyo, picha ya chombo kinachokwenda kasi haifanani na chombo kilichofupishwa. James Terrell na Roger Penrose, kila mmoja kivyake, walionyesha hilo mwaka 1959. Tufe linaloenda mbio bado lingeonekana na mzingo wa duara.

Dalili ya 8: Hesabu ni safi, lakini haikubaliani na vipimo halisi

Mwezi Oktoba 1971, Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa za atomu za sesiamu kuizunguka Dunia kwenye ndege za abiria. Zilizokwenda mashariki zilipoteza takriban nanosekunde 59. Zilizokwenda magharibi zilipata nanosekunde 273 za ziada. Mwanafunzi anayezidisha kasi ya ndege kwa kanuni ya muda anapata hasara pande zote mbili, na anashangaa.

Amekosa mawili. La kwanza, ameifanya ardhi kuwa fremu tulivu, na ardhi inazunguka. Hesabu kwa fremu isiyozunguka iliyo katikati ya Dunia: ndege ya mashariki inaongeza kasi juu ya mzunguko, ya magharibi inapunguza, na saa iliyobaki nyumbani inakwenda katikati yao. La pili, saa iliyo juu, mahali ambapo mvutano wa Dunia umepungua nguvu, huenda haraka zaidi. Hilo limo katika nadharia ya jumla ya uhusianifu, na gama peke yake haitakupa.

Kwenye GPS mambo haya mawili yanasimama wazi. Gama inazichelewesha saa za setilaiti kwa maikrosekunde 7.2 kwa siku, ile namba ya dalili ya kwanza. Kimo cha takriban kilomita 20,200 kinaziwahisha kwa maikrosekunde 45.8. Salio ni 38.6 za kuwahi, na katika muda huo nuru hukata zaidi ya kilomita 11. Ndiyo maana saa hizo hutegwa zikiwa bado chini: masafa yake ya msingi (idadi ya mitetemo kwa sekunde) hushushwa kutoka megahezi 10.23 hadi 10.22999999543. Gawa maikrosekunde 38.6 kwa sekunde za siku, zidisha kwa 10.23, toa kwenye 10.23. Kikokotoo chako kikikosa nafasi ya tarakimu hizo, fanya kama tulivyofanya mwanzo: andika ziada peke yake.